Aliyefukiza Haingii

Kituoni, 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kama umesimama, keti kwanza. Hii si barua ya salamu.

Unakijua chumba chetu cha kuzalishia, kile nilichokusimulia mpaka ukasema nakipenda kuliko mume wangu. Kimefungwa! Mvua kubwa ilifumua paa, maji yakatuama juu ya dari bila mtu kujua, na fundi alipopanda kuziba akakuta kuvu imeshajenga na kuhamia. Dari mpya imepigwa, kuta zimepakwa rangi, tumeosha kwa klorini mpaka macho yakatutoka machozi. Bado. Fundi wetu wa maabara huacha mle ndani visahani vyake vya kioo, ndani yake kuna chakula cha vijidudu kilichoganda kama uji wa jana. Chochote kinachoelea hewani kikiangukia pale kinashiba na kuzaana. Akivitoa kesho yake vimeota kama mchicha wa mvua. Mkaguzi wa afya ameweka kufuli na kusema halifunguliwi mpaka visahani vitoke safi. Dawa ya kufukizia vyumba imeagizwa mjini. Ukiwauliza wanaoijua bohari ya mjini itafika lini, wanakucheka usoni.

Kwa sasa kina mama wanapelekwa hospitali kubwa ng'ambo ya daraja. Barabara yenyewe unaijua. Juma lililopita mmoja alijifungua ndani ya gari la wagonjwa, nami nimepiga magoti katikati ya viti, dereva anasoma dua kwa sauti. Mama na mtoto wazima, lakini sitaki kuyarudia yale.

Sasa sikiliza. Juzi nimesimama mbele ya lile kufuli, nikakumbuka kile chumba chako cha uani. Nikakumbuka kigae, makaa, yale majani yako, na ulivyokuwa ukitufukuza sote kama kuku kabla hajaingizwa mzazi. Shangazi, moshi wako! Nilikimbia, nakwambia nilikimbia, hadi kwa mkuu wa kituo. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, maana hana jingine. Amesema tujaribu mara moja.

Nitumie majani, na uniandikie unavyofanya tangu mwanzo, usiruke kitu. Chumba hiki lazima kifunguliwe kabla ya Septemba. Nina sababu yangu.

Wako,
Kiherehere

---

Nyumbani, 15 Machi

Kiherehere wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili kimya na mara ya tatu kwa sauti, mbele ya mbuzi, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumtambia.

Unajua kwamba zamani niliwahi kufika hospitali na kigae changu. Mke wa jirani alikuwa amelazwa, chumba kinanuka, nikasema nikawasaidie. Mlinzi wa langoni alifunua kikapu changu, akaniambia uchawi unafanyiwa nyumbani. Watu wakacheka. Nikageuka, na tangu siku hiyo lango la hospitali nikilipita natazama upande wa pili. Leo hospitali inaniomba majani! Ningekuwa na meno yote ningecheka mpaka kijiji kizima kisikie.

Haya, andika kichwani. Kwenye mfuko kuna kivumbasi, mwarobaini na maganda ya limau. Nimeyaanika kivulini, siyo juani. Makaa yawashwe nje, yapepewe mpaka yavae majivu meupe. Kaa jeusi linatoa moshi wake lenyewe, na huo hatuutaki. Kigae kiwekwe juu ya mchanga. Nyufa zote zizibwe kwa matambara mabichi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nasema usipoziba ufa utamfukiza jirani. Majani, gao moja tu, ujazo wa kiganja kimoja, kisha toka, funga, ondoka zako. Kigae kikishapoa, fungua madirisha yote, chumba kipumue mpaka pua isisikie kitu.

Sasa sheria, na hizi sikuzitunga mimi, nilizikuta kwa mama yangu. Hakai mtu chumbani moshi ukifanya kazi. Mjamzito hausogelei kabisa, wala mwenye kifua. Na aliyefukiza haingii kwa mtoto mchanga mpaka aoge na abadili nguo, hata awe nani. Moshi unaoua kidudu hauwezi kumpenda mtoto.

Hiyo klorini yenu msinichanganyie. Moshi wangu haujawahi kuomba msaidizi.

Shangazi yako

---

Kituoni, 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo! Mfuko umefika! Dereva wa basi aliukabidhi kwa mikono miwili kana kwamba umebeba mayai, na abiria wote walikuwa wananukia kivumbasi.

Niliufungulia mezani kwangu. Sijui majani ya safari hii ni makali zaidi? Harufu ilinipanda kichwani, tumbo likageuka, nikakimbilia nje. Mimi, niliyekuwa nalala na kivumbasi chini ya mto! Labda ni uchovu.

Kazi itafanywa na Chuma, msafishaji wetu. Jina hilo tumempa kwa sababu hachoki wala haumwi. Mimi siku hiyo nitakuwa na shughuli nyingine. Mitungi ya hewa itatolewa, na fundi wa maabara ameshaandaa visahani. Anaviita watoto wake. Anavifunika kwa leso.

Nina swali dogo, si langu. Nina rafiki yangu hapa kazini, ni mjamzito, bado hajamwambia mtu. Akikaa upande wa pili wa jengo siku ya moshi, inatosha? Au asije kazini kabisa? Anauliza kwa sababu alishapoteza mimba moja, na anaogopa hata kivuli chake.

Kiherehere

---

Nyumbani, 13 Aprili

Mwanangu,

Majani ni yaleyale ya mti uleule.

Huyo rafiki yako mwambie siku ya moshi asije kazini. Akae nyumbani, ainue miguu, ale. Ndoo asinyanyue. Na umwambie kwamba ile iliyotoka haikutoka kwa kosa lake, wala kwa kazi yake, wala kwa kusema mapema. Wapo wanaoamini kwamba ukitangaza unaalika balaa. Basi akitaka kunyamaza anyamaze, ni tumbo lake, lakini asinyamaze kwa hofu ya kuwahuzunisha watu wanaompenda. Watu hao wana vifua vipana.

Nimefungasha na unga wa uji. Ni wa rafiki yako. Wewe usiuguse.

Swali sina.

Shangazi

---

Kituoni, 10 Mei

Shangaziiii,

Shikamoo, na ushike kitu!

Tumefukiza. Mimi sikuwepo, nilikuwa nyumbani kama ulivyo... kama nilivyopanga. Kwa hiyo haya nimesimuliwa na watu wengi, kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Barua yako nilimsomea Chuma neno kwa neno. Makaa aliyapepea vizuri, nyufa za milango na madirisha akaziba. Lakini alipofika kwenye gao moja akajiambia, dawa kidogo itamtisha nani? Akamimina mfuko mzima! Na dari mpya, Shangazi, hakuna aliyeitazama. Mafundi waliacha tundu la waya wa taa, na upande wa pili wa tundu hilo ni ofisi ya mkuu wa kituo.

Ndani ya ofisi alikuwemo mkuu, mhasibu, na mkaguzi wa afya. Naam, yuleyule mwenye kufuli! Alikuwa ndio kwanza anasema kwamba hali ya hewa ya kituo imeboreka. Moshi ukashuka juu ya meza kama mgeni asiyebisha hodi. Mhasibu alipiga yowe la moto. Wagonjwa wakatoka na mashuka yao, mlinzi akapiga filimbi mpaka ikamkwama, na Chuma akabaki amesimama mlangoni, amenyoosha mikono, anawaambia tulieni, hii ni dawa, tulieni! Mkaguzi alitoka kwa dirisha. Ni mtu mnene, lakini alipita.

Mkuu alipiga marufuku moshi pale pale, huku anapiga chafya. Niliporudi kazini nilikuta amebandika tangazo. Nililia chooni, nikaosha uso, nikarudi wodini.

Sasa sikia! Katika vurugu ile hakuna aliyekumbuka visahani. Vilibaki mle ndani, moshi ukipita, madirisha yakifunguliwa, kila kitu. Fundi wa maabara alivikuta baadaye, akavitia kwenye sanduku lake la joto akiwa amenuna kama aliyefiwa. Kesho yake alikuja wodini anakimbia, kiatu kimoja. Kisahani cha hewa kilikuwa karibu cheupe! Madoa mawili matatu tu, pale palipokuwa na mchicha! Tulishikana mikono tukaruka, halafu mimi nikakumbuka nikaacha kuruka.

Alivipeleka mwenyewe hadi mezani kwa mkuu. Mkuu alivitazama sana. Akavua miwani, akaivaa.

Ila kuna jingine, na sitakuficha. Vile visahani alivyogusisha kitandani na kwenye mpini wa mlango baada ya moshi vimeota vilevile, hakuna kilichopungua. Moshi umesafisha hewa, kitanda haukukigusa. Hatukuwa tumedeki siku hiyo, tulifuata neno lako.

Mkuu amelibandua lile tangazo lake ukutani. Anasema mara ya mwisho ni hii: tuoshe kwa klorini kwanza, tuzibe dari, ndipo tufukize, mkaguzi akiwepo. Na ana sharti. Majani asiyapime mtu mwingine. Amesema, "Mlete mwenye moshi wake."

Shangazi, umealikwa. Kwa lango kubwa.

Kiherehere

---

Nyumbani, 20 Mei

Kiherehere,

Hilo la kitanda limeniuma. Sitasema halikuniuma. Siku mbili sikuongea na mbuzi. Kisha nikajiuliza, mama yangu alipokuwa anafukiza, mimi mtoto nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasugua kitanda kwa maji ya moto na majivu, na kunung'unika. Kumbe ile ilikuwa nusu ya dawa, nami nilidhani ni adhabu yangu. Nilipokuwa mkubwa nikairithi nusu ya moshi, ile ya kusugua nikaitupa kwa furaha. Basi moshi haupigi deki. Osheni kwa klorini yenu, nami nitafuata nyuma.

Mwambie huyo Chuma akipata homa asimeze chupa nzima.

Ninakuja. Nimeshona kikapu upya. Mlinzi akikifunua safari hii, ajue nimealikwa na mkuu wake, na barua yako nimeiweka juu kabisa ili aanze kuona hiyo.

Sasa kuhusu yule rafiki yako wa kazini. Mtu aliyelala na kivumbasi chini ya mto utoto wake wote, akaja akakimbizwa nacho mezani, huyo hajachoka. Nilijua tangu siku hiyo. Nilikaa kizingitini nikalia, nikacheka, nikaenda kusaga unga. Kisha nikakuandikia kuhusu rafiki, kwa sababu ulitaka iwe rafiki. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hii si maradhi, lakini tumbo nalo halijawahi kutunza siri.

Nilielewa kwa nini. Mwaka jana nilizishona zile nguo ndogo, na baadaye uliniona nikizikunja. Hukutaka kuniona tena nikikunja. Mwanangu, kukunja ni kazi yangu, niachie mimi. Sikuzigawa. Ziko kwenye mkebe wa bati, mbali na majani, hazinuki chochote.

Nitakapofika, wewe nisikukute kituoni. Siku ya moshi unalala kwako.

Shangazi

---

Kituoni, 7 Julai

Shangazi wangu,

Shikamoo. Tangu ufukize na kuondoka, kituo kimekuwa kimya kama shule ya likizo. Chuma anatembea anarudia maneno yako: "Gao ni gao." Mlinzi anauliza lini mama mkubwa anarudi, anataka kumbebea kikapu tena.

Matokeo! Nilikuambia fundi atavilaza visahani na kuvitazama, kisha arudie upya, maana mkaguzi haamini kitu mara moja. Leo wamemaliza. Hewa, safi. Kitanda, safi. Mpini wa mlango, safi! Fundi wa maabara alisema havijaota hata mchicha wa kuombea chumvi, akatoa leso akapangusa macho. Mkaguzi alivishika kwenye mwanga wa dirisha, kimoja kimoja. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Shangazi, kufuli lile lilikuwa limeshika kutu. Liligoma. Tulisimama sote kwenye korido, wauguzi, wafagiaji, wagonjwa na chupa zao za maji, hakuna anayepumua. Chuma akaleta mafuta ya kupikia. Likaguna, likaachia. Nimepiga vigelegele ndani ya kituo cha afya mbele ya mkaguzi wa afya, na mkuu wa kituo alikuwa akipiga makofi.

Amesema tutaendelea hivyo hivyo mpaka dawa ya mjini ije: klorini kila siku, moshi chumba kikiwa kitupu, visahani vikiwa mashahidi. Anakuomba uje mwishoni mwa Agosti ufukize chumba cha pili, kile cha kushona vidonda, kiko mwisho wa jengo. Nami nakuomba uje kwa sababu nyingine.

Nitasema sasa, kwa jina langu, bila rafiki. Ninaogopa. Nimezalisha watoto wa watu sijui wangapi, nimewaambia mama zao msiogope, na kumbe sikujua nilichokuwa nasema. Usiku nahesabu vidole vya mtoto ambaye sijamwona. Nataka nijifungulie kwenye chumba kile ninachokijua kila msumari, siyo kwenye gari darajani. Na nataka wewe uwe mtu wa kwanza kumshika baada yangu. Mume wangu nimeshamwambia, yuko safarini na lori lake, amesema akija wa pili ataridhika.

Njoo mapema.

Mtoto wako,
Kiherehere

---

Nyumbani, 1 Agosti

Mwanangu,

Nimesoma. Kuogopa si kosa, hata mimi nikiwasha makaa bado naogopa upepo.

Ninakuja siku ya ishirini na sita. Chumba cha pili nitakifukiza siku ya tatu yake, nikishapumzisha miguu. Mkebe ule wa bati nakuletea, nitauacha kwako nyumbani, nisiusogeze karibu na kikapu. Mtoto hatokei kabla ya Septemba, ana adabu kuliko mama yake.

Shangazi

---

29 Agosti, chumba cha kuzalishia

Shangazi!!

Naandika nimelala, kalamu ya muuguzi inaishiwa wino, vumilia. Hakusubiri Septemba. Uchungu umenishika nyumbani, wewe umeshaondoka na kikapu. Ana kiherehere!

Ni msichana. Amelia kabla hajatoka vizuri. Vidole vyote vipo, nimevihesabu mara nyingi. Amevaa lile gauni la njano, ulilomshonea yule ambaye hakuja. Linamtosha. Nimelia mpaka muuguzi amenigombeza kwa maneno yangu mwenyewe.

Uko wapi? Wanasema uko kwenye benchi la nje hatua chache tu kutoka hapa, na hutaki kuingia. Mkuu amekuruhusu. Fundi wa maabara atakuletea karatasi hii. Njoo!

---

29 Agosti, kwenye benchi

Mwanangu,

Nimemsikia. Nilikuwa nafunga mlango wa chumba cha pili, nikamsikia analia, nikaangusha tambara.

Siingii. Nimetoka kwenye moshi sasa hivi, nywele, nguo, kucha, vyote vinanuka. Aliyefukiza haingii.

Anafanana na nani?

---

Chumbani

Shangazi, jamani! Mlango utafunguliwa, simama hata kizingitini! Sheria ni yako, ivunje leo. Nakusamehe, mtoto anakusamehe.

Anafanana na wewe. Amekunja uso.

---

Kwenye benchi

Sheria haina shangazi. Nimewakataza wangapi, halafu mimi nipite?

Maji bombani yamekatika. Chuma amekimbilia kisimani na ndoo mbili. Begi langu la nguo nililiacha, mjinga mimi, ndani ya chumba cha moshi. Nguo ya kubadili nayo inanuka kama niliyoivaa. Nimecheka hapa peke yangu mpaka mlinzi amekuja kuniuliza kama naumwa.

Asimshike mtu mwingine.

---

Chumbani

Hajamshika mtu mwingine. Muuguzi ameomba mara mbili, nimekataa. Harakisha, mkono wangu unakufa ganzi na sitaki kumweka chini.

---

29 Agosti, mlangoni

Chuma amenimwagia maji kama anayeosha gari. Nimesugua nywele kwa sabuni mara tatu, na fundi wa maabara amenusa mkono wangu, ameapa kwa visahani vyake kwamba sina moshi.

Nguo sina. Basi mkuu wa kituo amekwenda mwenyewe stoo, amerudi na gauni la wauguzi, jeupe, lenye jina la kituo kifuani. Yule mlinzi aliponiona nalo amesimama wima akanipigia saluti.

Nimeoga. Nimebadili. Niko nyuma ya mlango, naipitisha karatasi hii chini yake.

Nifungulie.